Baiskeli ya Marehemu Hamisi: Safari ya Tabora hadi Usoke

Niliondoka Tabora kwa sababu ya maneno matatu ambayo sikupenda kuyaamini, wala sikuweza kuyapuuza. La kwanza, kwamba katika maziko ya mdogo wangu Hamisi, huko Usoke, rafiki yetu Kondo alifanya mzaha kaburini. La pili, kwamba aliondoka na baiskeli ya marehemu. La tatu, kwamba aliezua mabati ya nyumba ya mjane na kumhamishia ubavuni mwa nyumba yake mwenyewe. Siku za maziko nilikuwa nimelazwa hospitali kwa nimonia, kwa hiyo sikushuhudia lolote. Aliyeniletea habari hizo, muuza vitambaa mmoja wa Mtendeni, mtaa ninaokaa hapo Tabora, naye hakuwako. Alizipata kwa abiria aliyeshuka kwenye treni.

Kondo ni Mzaramo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, na sisi watatu tulikua pamoja, kabla yeye na Hamisi hawajahamia Usoke kulima. Msomaji anajua kuwa Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Mtani huruhusiwa kuchekesha msibani, na aweza kukamata mali ya marehemu mpaka wenyewe waikomboe. Hayo nayafahamu vizuri. Lakini msimu wa mvua uliisha, kiangazi kikaingia, na baiskeli haikurudi. Nikaanza kushuku kwamba mtu ametumia utani kuwa pazia la wizi, na kwamba baada ya baiskeli atataka shamba, na baada ya shamba mjane. Nilikusudia jambo moja: kumchukua shemeji yangu Zena pamoja na wanawe, niwalete Mtendeni.

Asubuhi, ndani ya treni, nilikaa mkabala na bwana mmoja mwenye kofia ya ukindu. Alipojua niendako alitikisa kichwa.

"Usoke? Pale kuna mzee kajitwalia mjane wa watu."

"Ulimwona?"

"Watu wanasema, mzee wangu."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

Aligeukia dirisha.

Reli ile imefuata njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Kati ya miti ya miombo nilikuwa nikiona mahame: viambaza bila paa, vinu vilivyopinduliwa, mipapai iliyobaki bila mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Kisha vijiji vyenyewe vikatokea, nyumba zimepangwa mstari kama madawati ya darasani, na udongo wa kuta haujakauka.

Adhuhuri nilifika kwa Zena. Alikuwa akichambua majani ya tumbaku mbele ya bani la kukaushia, mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Ulihama kwa hiari yako?"

"Keti kwanza, shemeji. Hilo swali halitaoza."

Alinipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga. Nilikula nikitazama paa. Mabati yalikuwa yale yale ya Hamisi; matundu ya misumari ya zamani yalikuwa yamezibwa kwa lami, moja moja, kwa uangalifu ambao mwizi hana haja nao. Nilimtaka Zena anieleze mwaka ule ulivyokwenda, tangu mwanzo, bila kuruka.

Alisema ulianza kwa mavuno mazuri na harusi ya binti yao Mwanne, ambayo mke wa Kondo aliisimamia jikoni kama ya mwanawe. Kisha mvua iliangusha nyumba ya Kondo, na familia yake yote ikalala kwa Hamisi mpaka ilipojengwa nyingine. "Usiku tulikuwa tunakanyagana kama mbuzi," alisema, "na Hamisi akimwambia Kondo kuwa Mzaramo hata nyumba humkimbia." Baadaye Hamisi akaugua tumbo na kufariki, naye Zena akiwa mjamzito. Amri ya kuhama ikaja nyumba ikiwa bado na msiba.

"Mimi nilikuwa edani, shemeji. Ulitaka nipande juu ya paa? Kondo na wanawe waliezua na kuezeka upya. Mtoto alizaliwa chini ya bati hili, mikononi mwa mkewe."

"Na ule mzaha kaburini?"

"Aliufanya. Alijilaza kaburini, akasema Hamisi akatafute kwingine, pale pana mwenyewe. Waombolezaji wakacheka. Alipotoka akaenda nyuma ya bani, akalia."

"Ulimwona akilia?"

"Nilikuwa ndani. Kamuulize mkewe."

Nilikwenda kumuuliza. Mke wa Kondo alinijibu: "Mwalimu, alilia mpaka akatapika. Au ulitaka nikuwekee matapishi uyakague?"

Alasiri Kondo alirudi kutoka shamba la kijiji. Aliponiona alipaza sauti tangu mbali.

"Karibu, mpagazi! Mbona mikono mitupu? Mzigo umeuacha wapi?"

"Nimekuja kuutafuta, mla nazi. Nasikia umeuficha wewe."

Uso wake ulibadilika. Alinipeleka ghalani na kuondoa gunia. Baiskeli iliegemea ukuta. Niliinama kuikagua. Tope la masika lilikuwa limekauka katika spoki, na utando wa buibui ulikuwa umeunga gurudumu na ukuta. Haikuwa imepandwa na mtu.

"Mbona hukumrudishia Zena?"

"Mali ya utani hukombolewa na mkubwa wa ukoo. Mkubwa ni wewe. Ningempa Zena, ungesema nahonga mjane wa ndugu yako."

Ningesema hivyo. Nilimwambia kuwa nilikuwa namngoja ailete Tabora, kama mtani mwenye adabu.

"Niilete? Tangu lini aliyeteka akapeleka mateka nyumbani kwa mwenye mali?"

Zena, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakustahimili zaidi. "Basi mimi nimembeba huyu mtoto mgongoni kwenda zahanati na kurudi, jua lote hili, na baiskeli ya mume wangu inafuga buibui, kwa sababu wazee wawili wanangojana!"

Hatimaye nilimuuliza Kondo anataka ukombozi gani.

"Babu yako alibeba pembe mpaka kwetu. Wewe nibebe mimi mpaka stesheni."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba mimi, mwalimu mstaafu, nilipita katikati ya kijiji nikikanyaga pedali, na Kondo kwenye keria akiwapungia watu mkono. Wanawake walipiga vigelegele.

"Taratibu, mpagazi! Pembe itavunjika!"

"Pembe gani? Nimebeba furushi la nazi mbovu!"

Sikucheka, pumzi haikuniruhusu.

Jioni, tuliporudi kijijini, niliikabidhi baiskeli mikononi mwa Zena, kisha nikamweleza nililolijia: ajiandae, twende Mtendeni. Alimpakata mtoto kabla ya kunijibu.

"Nakushukuru, shemeji. Lakini Tabora nitakuwa mjane wa Hamisi, kila mtu ananionea huruma. Hapa mimi ni Zena. Nina tumbaku katika bani, na nina jirani wa kunitukana asubuhi na mapema. Niache."

Nilimuuliza mara ya pili, faragha, nikihakikisha hakuna aliyemtisha. Jibu lilikuwa lile lile. Nikamwacha.

Katika treni ya kurudi niliyapima yale maneno matatu. Nilikuwa nimekwenda kutafuta uongo ndani yake, na sikuupata. Mzaha ulifanyika, baiskeli ilichukuliwa, mabati yaliezuliwa. Kila neno lilikuwa kweli, na habari yenyewe haikuwa kweli. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kuuliza, "Nani aliona?" Swali hilo bado nalitetea, lakini sasa naona kuwa hata aliyeona aweza kutoelewa alichokiona.

Mtendeni watu walinizunguka baada ya sala, wakitaka kujua mambo ya Usoke. Niliwaambia treni inakwenda huko, wakate tiketi.