Nilivyomshtaki Anjela kwa Kuninyima Umama wa Ubatizo

Uvumilivu uliniisha pale kanisani, mtoto wa shoga yangu Anjela alipobatizwa mikononi mwa mwanamke mwingine. Anjela mwenyewe aliniomba niwe mama wa ubatizo! Nilishajitangaza kijiji kizima cha Mnyambe, na gauni la mitumba nikalifuata mjini Masasi.

Ibada ilipokwisha, nikamshtaki kwa wazee wa kanisa, nikibwata hadi wanakwaya wakajaa madirishani.

“Amenidhalilisha! Aseme, nina kasoro gani?”

Anjela akainamisha kichwa. Katekista akajibu taratibu:

“Mama Tumaini, alikutaja wewe. Sisi ndio tuliokukataa, maana wewe na Baba Tumaini hamjafunga ndoa kanisani. Akatusihi sababu tusiitaje, usije ukaaibika.”

Nilitaka kumwomba radhi. Sauti yote nilikuwa nimeimaliza kwa kumshtaki.