Chumvi ya Jikoni Kwetu

Jikoni kwetu Mji wa Kale tuko wanawake sita, na mwezi wa Ramadhani hupika futari za kuagizwa: mihogo ya nazi, mbaazi, samaki wa kupaka. Kwa kuwa sote tumefunga, hakuna anayeonja. Kwa miaka mingi chumvi ya kila sufuria niliitia mimi. Wenzangu walikuna nazi, wakamenya mihogo, kisha wakasimama kando kuningoja. Nilidhani huko ndiko kuongoza.

Ramadhani iliyopita mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, alipata alichokitamani siku nyingi: familia moja ya mtaa wa Tudor ilimtaka awapikie wageni wao Ijumaa. Wakiridhika, Ijumaa zilizobaki zingekuwa zake. Alinijia uso umemshuka.

"Bi mkubwa, nakuomba uje unitilie chumvi tu."

Mwenzetu mwingine akaangua kicheko. "Shoga, si umkate mkono uutie kikapuni, uende nao!"

Tulicheka, lakini kicheko changu kilikatika njiani. Miaka minne yuko nami, na nilichomfundisha zaidi ni kuningoja.

Nilikaribia kukubali. Badala yake nikamuuliza, "Nikitia chumvi, wewe huona nini?"

Akafikiri. "Hutii yote mara moja. Nusu waitia na tui jepesi. Iliyobaki waingojea mihogo ianze kupasuka, ndipo utie, kabla ya tui zito."

Sikujua kwamba nafanya hivyo. Sikuwahi kumwambia mtu.

"Basi kesho utatia wewe."

Kesho yake nilikaa ukumbini nikichambua mchele uliokwisha chambuliwa, nisije nikainuka. Magharibi, baada ya tende, tukaonja fungu letu. Mihogo ilikuwa sawa. Mbaazi hazikulika kwa chumvi. Niliwapigia simu walioagiza, nikawaomba radhi kwa niaba ya jiko zima, bila kumtaja mtu.

"Mimi Tudor siendi tena," akasema, machozi yakimlenga.

"Ilikuwaje?"

"Nilitia, kisha nikaingiwa na hofu. Nikaongeza."

"Na ile ya kwanza?"

Akakitazama kiganja chake. "Ile ya kwanza ilitosha."

Siku tatu zilizofuata alitia chumvi yeye, mara moja kwa kila kipimo, kisha akaliweka kopo la chumvi mbali na meko.

Ijumaa alikwenda peke yake. Mimi nilifuturu nyumbani, simu kando ya sahani, nikijizuia kumpigia. Akapiga yeye.

"Mihogo wameimaliza. Mbaazi zilipungua chumvi kidogo. Mimi mwenyewe nilimwambia mwenye nyumba, kabla hajasema, nikamletea kisahani cha chumvi na ndimu."

"Akasemaje?"

"Amesema Ijumaa ijayo niongeze sufuria ya tambi."

Nikamuuliza mbaazi atazifanyaje safari hiyo. Alinieleza kwa kirefu, hatua kwa hatua. Jambo moja nisingelifanya hivyo mimi. Nikamwacha amalize, uji wangu ukipoa.