Sufuria ya Kimea Kati Yangu na Mama Mkwe

Mke wangu alipofariki, mama yake alikuja kutoka Ukambani akakaa nasi Kinoo, anisaidie kumlea binti yetu. Hakuna aliyemwomba. Alifika na mfuko wa pojo na leso zake, akauliza mtoto analala wapi, akaanza kazi.

Nilimpenda mama huyu, na ninalisema hapa kwa sababu sikuwahi kumwambia. Kwao kuna nthoni, ile haya inayomtenga mtu na mama mkwe wake. Hata kwetu Kinoo mama mkwe huheshimiwa, lakini si kwa kiasi kile. Nikiingia sebuleni alivuta leso kichwani akaondoka. Hakula mbele yangu hata siku moja. Salamu alinipa akiwa ameutazama ukuta, nami nikaitikia nikiutazama ukuta uo huo. Heshima si utumwa, wanasema. Waliosema hivyo hawakuishi na mama mkwe Mkamba katika nyumba ya vyumba viwili. Sote wawili tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, kila mmoja kivyake, mlango umefungwa.

Kilichotukutanisha ni pombe, na mama mwenyewe alikuwa mlokole.

Nilikuwa na mazoea ya kupika bia nyumbani, ya kunywa mwenyewe na rafiki wachache wa ofisini mjini. Kazi yake ngumu ni moja. Kimea cha shayiri kilichopondwa hutiwa kwenye maji ya moto, na kwa muda wa saa nzima joto halina ruhusa ya kusogea. Likipanda, bia hutoka nzito yenye utamu wa uji. Likishuka, unakunywa kitu chepesi kisicho na maana. Mimi nilikuwa na sufuria kubwa, blanketi kuukuu la kuivisha, jiko la gesi na kipimajoto cha kioo. Mke wangu ndiye aliyekuwa akisoma kipimajoto huku mimi nikikoroga na kuchezea moto. Bila yeye nilihangaika uani peke yangu, na bia nikawa naimwaga.

Jumamosi moja mama alitoka kuanika nguo akanikuta nikipigana na blanketi. Alisimama ng'ambo ya sufuria, akachukua kipimajoto.

"Mimi sitakunywa hiyo kitu," alisema, macho ndani ya sufuria. "Lakini kusoma namba si dhambi. Imeshuka, Baba. Ongeza moto."

Tangu hapo, kila nilipopika alitoka na kigoda chake. Alikaa upande wake, mimi wangu, mvuke ukipanda katikati. Hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake, maana kipimajoto ndicho kilichotakiwa kutazamwa. Tulikuwa watu wawili kazini, na watu walio kazini huongea.

Akaanza kunisimulia habari za mke wangu. Alianzia alipozaliwa na kwenda kwa mpangilio, kama mtu anayepalilia shamba asiyetaka kuruka mstari. Jinsi alivyochelewa kusema, kisha siku alipofungua kinywa akamtukana jogoo. Jinsi alivyomfukuza mbuzi kanisani kwa mwavuli wa mchungaji.

"Alikuwa na kiburi, huyo," mama alisema. "Namchapa, ananiambia nimalize haraka ndio aende kuteka maji. Imepanda. Punguza."

Nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka. Naye alicheka, leso mdomoni.

Nilikutana na mke wangu akiwa tayari mtu mzima, akiuza vitambaa Ngara, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. Habari za kwao hakupenda kuzizungumza. Nikimuuliza alisema, "Utajua tu, haraka ya nini?" Kwa hiyo aliyebaki na habari hizo ni mama peke yake. Binti yangu, aliyemwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alipomuuliza, alimpa chai na kumtuma dukani. Aliniambia hawezi kuutazama uso wa mtoto, ambao ni uso wa mamake, na kusimulia. Niliyahitaji maneno yale, kwa ajili yangu na ya mtoto ambaye hata sauti ya mama yake hakuikumbuka.

Sasa, magoti ya mama yalikuwa yanamuuma. Nilimwona akiinuka kwa taabu, nikamsikia akikohoa kwa sababu ya mvuke. Na mimi ni mtu ambaye hawezi kuona tatizo asitafute duka. Nilipanda ghorofani Ngara kwa mfanyabiashara wa vifaa, nikarudi na pipa la chuma lenye koili ya umeme, pampu ndogo ya kuzungusha maji ya kimea, na kisanduku chenye tarakimu nyekundu. Unakiambia joto unalotaka, kinalilinda chenyewe.

Nilikifunga nikamwita, nikiwa na furaha ya kijinga.

"Mama, sasa utapumzika. Hii inajipima yenyewe."

Alizitazama zile tarakimu kwa muda. "Haishuki?"

"Haishuki."

"Na haipandi?"

"Haipandi, Mama."

"Basi ni vizuri. Asante, Baba." Akachukua kigoda chake akakirudisha jikoni.

Wiki iliyotangulia alikuwa amefika mahali mke wangu alipomaliza darasa la nane. Nilimngojea aje anieleze yaliyofuata. Hakuja. Bila kazi ya kufanya, mama mkwe aliyekaa uani na mkwe wake ni mama mkwe aliyekaa na mkwe wake tu, na hilo haliwezekani. Ningeweza kumwambia, Mama, njoo ukae. Mkwe hasemi hivyo, nilionywa na wazee siku ya mahari. Nilifikiria hata kukata waya wa koili na kusema mtambo umeharibika. Lakini bia ilikuwa tamu, ilaaniwe, wenzangu mjini wakaisifu, nami nikajiambia kwamba siku zipo. Nilimwona dirishani akikunja nguo polepole, nikarudi kuangalia tarakimu ambazo hazikunihitaji.

Binti alipokwenda shule ya bweni, mama alisema kazi yake imeisha, akarudi kwao. Kwenye simu alinisalimia kwa neno moja, akauliza kama mtoto yuko karibu. Mwaka jana, wakati wa mvua, tulimzika.

Juzi binti yangu alikuja likizo. Tulikuwa tunaosha vyombo.

"Baba, Mum alikuwaje akiwa kwa sekondari? Akiwa rika yangu?"

Nilianza kumweleza ya utotoni.

"Hizo umeniambia. Nauliza akiwa kama mimi."

Nilimwambia sijui. Aliendelea kupangusa sahani ileile, kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Lakini si Susu alikaa na wewe hapa miaka hiyo yote?"