Wasifu wa Mzee Nilioutuma kwa Faksi

Nilikuwa katika ofisi ya wakala wa mizigo, Sanyuanli, huko China, nikifuatilia kontena langu la jinzi lililokuwa likipakiwa bandarini Huangpu. Saa nne asubuhi simu yao ikaita, nikaambiwa ni yangu. Kwetu ilikuwa bado alfajiri, na mtu wa kwetu akikupigia alfajiri huna haja ya kuuliza habari za nyumbani. Aliyepiga ni mtoto mkubwa wa Mzee.

"Mzee alitutoka juzi," alisema. "Tumekutafuta, simu haishiki. Tunazika leo saa nane mchana. Wasifu uandike wewe, wewe ndiye uliyekaa naye. Tuma kwa faksi pale stationari ya mjini."

"Hamwezi kunisubiri?"

"Utoke China ufike lini, bwana?"

Mzee huyo alikuwa baba yangu, ingawa hakuwahi kulitamka. Mama alikuwa akimkamulia ng'ombe. Mwaka alipogombea ujumbe wa baraza la mji, wapinzani walianza kunong'ona. Akasimama kwenye uwanja wa mnada na kuapa kwamba hana mtoto nje ya ndoa. Mama alikuwepo, nami nilikuwa mgongoni mwake. Nikakulia katika boma lile kama mtoto wa mkamuaji, nikila vizuri na kusomeshwa, nikimwita Mzee kama walivyomwita majirani.

Niliomba karatasi. Maneno yalikuja yenyewe. Nikaandika kwamba alizaliwa enzi za Mjerumani, akachunga ng'ombe wa watu hadi akalipwa mitamba wawili, na kutoka kwa hao wawili akajaza zizi. Aliingia siasa kwa hasira tu, baada ya wakubwa wa mji kuuhamisha mnada bila kuwauliza wafugaji. Barazani aligonga meza kwa fimbo yake ya kuchungia. Alituletea josho la kuogeshea ng'ombe na bomba la maji sokoni. Sikuficha kwamba kila uchaguzi ulikula ng'ombe, na kwamba alipostaafu alibaki na mmoja, mzee kama yeye.

Nikafika pale ambapo kila wasifu wa kwetu hufika: marehemu alijaliwa watoto wangapi. Ndipo waombolezaji huinua vichwa na kusikiliza.

Niliandika kumi: tisa wa ndoa, na mimi. Nikaitazama ile kumi mpaka macho yakauma. Nikamwona mjane wake akisimama kanisani kuuliza wa kumi ni nani, na mama yangu kule nyuma akijifunika khanga usoni. Halafu hasira ikanipanda. Karibu miaka arobaini nilimsubiri aseme yeye, kwa nini nimsemee mimi? Nikaichana karatasi, nikanakili yote upya kwa mwandiko safi. Nikaandika tisa.

Faksi ilikataa. Binti wa ofisini alipiga namba, akasikiliza, akatikisa kichwa: "Meiyou, laoban." Hakuna laini, bosi. Nilimsihi ajaribu tena na tena. Nilitoka mpaka mtaa wa Zhanqian kutafuta mashine nyingine, nikipigana vikumbo na watu wenye marobota, sikuipata, nikarudi mbio jasho likinitiririka. Nilikuwa nalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya Wachina wanaokula tambi. Kwamba azikwe bila maisha yake kusomwa, hilo sikuweza kulivumilia, hata kwa mtu aliyenikana. Saa kumi na moja jioni, kwetu ikiwa saa sita mchana, karatasi ikapita.

Kesho yake kaka mkubwa akapiga tena, palepale ofisini.

"Tumezika salama. Wasifu wako umewaliza watu."

"Namshukuru Mungu."



"Mdogo wangu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Mzee alituambia yote kabla hajafa, mbele ya mama yetu na mama yako. Alitaka uandike wewe, na akatukataza tusikudokeze. Alisema, 'Akijiandika kati ya watoto wangu, mtangazeni pale kaburini kuwa ni mwanangu. Asipojiandika basi hajanisamehe, mwacheni.'"

"Mkafanyaje?" nikauliza.

"Tulikaa na karatasi yako mpaka mchungaji akatuhimiza," akasema. "Tukasoma tisa."