Neno Lililokwisha Kutumika

Habari za msiba zimenikuta Kihesa, kwa kinyozi: yule mama wa simu ya upepo katika kituo cha Mbeya hatunaye tena. Ninyi wasomaji wangu hamkumjua. Mimi nilianza kwa kumchukia, na leo namlilia bila aibu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa karani nikisindikiza chanjo ya sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, kutoka Iringa kwenda kwa wafugaji wa Usangu. Landrova yetu ilikuwa na redio ya kuzungumza na vituo, na chanjo ilikaa ndani ya sanduku la barafu. Iringa walitupatia karatasi ya maneno ya siri, nakala ikabaki kwao. Gari likiingia eneo la Mbeya, mama yule huuliza neno, huhakikisha na Iringa, ndipo atume petroli na barafu mpya. Kila neno hutumika mara moja tu, kisha hufutwa kwa mstari wa penseli. Utaratibu huo ulianza baada ya matapeli wenye redio ya wizi kupelekewa petroli.

Mimi mjanja, tulipofika Mafinga, nililitumia neno la kwanza kuwaomba Iringa wampelekee mama mkwe salamu. Sikulifuta. Tulipofika Igawa petroli iliisha, nikampa mama wa Mbeya neno lile lile.

"Limeshatumika, kaka. Nipe linalofuata."

"Dada, si unaijua sauti yangu? Barafu inayeyuka!"

"Sauti naijua. Hata mwizi ana sauti."

Kiburi kikanipanda. Badala ya kusoma neno la pili, nikalirudia la kwanza kwa kelele, mara tatu. Hapo ikaingia sauti nyingine, tulivu kabisa, ikajiita gari la chanjo, ikalitaja neno hilo hilo: "Tuko njia ya Makongolosi, mama, leteni petroli huku."

"Na wewe nakwambia hivyo hivyo," akajibu. "Limeshatumika."

Nikasoma neno la pili. Petroli ikaja, barafu ikaja, ng'ombe wakachanjwa.

Tahadhari kabla ya hatari, tunaimba wote, mpaka siku tahadhari itakapotuzuia sisi wenyewe. Hapo tunadai tujulikane kwa sura, kwa cheo, kwa undugu. Yeye alikataa. Kazi yake aliishika hivyo hivyo kwa mgeni na kwa rafiki, nami nimeazimia kuishika yangu vivyo hivyo.

Kesho naenda Mbeya kumzika. Karatasi ile bado ninayo. Leo asubuhi nimechukua penseli, nikalifuta neno la kwanza.