Mguu Aliomwazima Mchawi

Bi Tunu binti Mwinjuma alidai talaka mara mbili, akapewa zote mbili, wala hakutaka mume wa tatu. Alikuwa na nyumba yake Mikocheni, na minazi kumi na minne, na mikeka yake ilinunuliwa hadi mjini. Mwanamke wa namna hiyo, zama zile za Mwingereza, watu walimwamkia kwa adabu, akishapita wakatazamana.

Jioni watoto walimjaa uani awape hadithi. Mchawi wake alikuwa yuleyule siku zote: bibi kizee, mpweke, mwenye mali yake. Ndivyo naye alivyosimuliwa na bibi zake, wala hakuuliza kwa nini. Ila alipoona watoto wanaogopa mno, alimwazima mchawi mguu wake mwenyewe, wa kushoto, uliokuwa mfupi tangu utotoni. Akawa anatembea uani: ti, tii, ti, tii. Watoto hoi kwa kicheko.

Kisha Mwajabu, mtoto wa jirani yake Mwanakombo, akashikwa na homa. Siku ya tatu akaanza kupayapaya kwamba bibi wa mguu mfupi anakuja, kafika mlangoni. Na wiki hiyohiyo alikuwa ameingia mganga wa kunyoa wachawi nywele, ati uchawi uwatoke. Huko alikopita, aliyenyolewa hakuchota tena maji na wenzake. Mmoja nyumba yake ilitiwa moto.

Habari zilimfikia Bi Tunu. Akajikaza asichechemee. Alikwenda kisimani ule mguu akiukanyagia vidole, jasho likimtiririka, na wanawake walimwona. Mwanakombo akasema mtu hafichi mguu wake bure.

Ijumaa baada ya sala watu wakaitwa kwa Mwanakombo. Wembe ulikuwa juu ya sahani. Bi Tunu angeweza kunyamaza. Lakini mtoto alilazwa kwenye mkeka aliousuka yeye, midomo imekauka, maji hataki. Akamwinamia.

"Mjukuu wangu, yule bibi tulimwacha wapi?"

"Mlangoni kwetu."

"Basi leo nimekuja kumwondoa. Sikiliza anavyokwenda zake."

Akatembea mbele yao wote mpaka minazini, ti, tii, ti, tii, hatua zikififia. Mtoto akatulia, akaomba maji.

Bi Tunu aligeuka akitabasamu. Hakuna aliyetabasamu naye. Mganga alikwisha kuushika wembe.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Aliyemwondoa ndiye aliyemweka."

Bi Tunu akamtazama Mwanakombo, aliyekulia kwenye hadithi hizohizo, uani kwake. "Mwanangu, si unaijua? Waambie."

Mwanakombo alimziba mtoto macho kwa kanga.

Nyumba haikuchomwa, na nywele ziliota. Mwajabu alipona, na kupona kwake kukawa ushahidi. Mwaka uliofuata, Bi Tunu akipita nyuma ya ua wa makuti, alisikia mtoto akiwasimulia wenzake habari za mchawi mwenye upara, mguu mfupi na minazi kumi na minne. Sauti ilikuwa ya Mwajabu.

Tangu siku hiyo hakujikaza tena. Kila alikokwenda aliukanyaga mguu kwa kishindo, ili watoto wamsikie mapema, wapate kukimbia.