Laki Moja na Tano

Nilianza kazi Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1996, saa moja na nusu asubuhi, kwenye kitalu cha miti karibu na Rodi Kopany. Likizo ilikuwa ya wiki tatu, kwa hivyo nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Naandika haya kwa watakaokuja likizo ijayo.

Kwanza niliwekwa kwa udongo. Tulijaza vile vifuko vyeusi vya plastiki, ambavyo tunaviita karatasi, kisha tukavipanga kwa tuta: mistari ishirini na minne, kila mstari miche thelathini na tano. Tuta moja, miche 840. Halafu Bwana Mwita, msimamizi wetu kutoka Isebania, akaona mwandiko wangu, akanihamishia ofisini. Nilifurahi. Huko hakuna mtu wa kuongea naye.

Wiki ya pili Mzee Okelo, ambaye humwagilia maji, alichungulia dirishani akaniambia hesabu ya miche yote: "Laki moja na tano, nyathina," yaani mwanangu. Nikaandika 100,005.

Alhamisi Bwana Mwita akaigawanya namba hiyo kwa shule saba. Kila shule ikapata miche 14,286, ikabaki mitatu. Na kila shule ilikuwa imeahidiwa elfu kumi na tano! Akamwita Mzee Okelo.

"Mzee, miche karibu elfu tano imekauka ukiwa wapi?"

"Haijakauka hata mmoja. Nilisema laki moja na tano."

"Si ndiyo hii? Laki moja na tano!"

"Sasa mbona unanigombeza na sisi tunasema kitu kimoja?"

"Rudisha ufunguo wa pampu."

Mzee aliuweka mezani, mbele yangu. Mimi nilitazama ile tano ya mwisho. 840 ni shufwa, inagawanyika kwa mbili. Ukijumlisha shufwa mara ngapi sijui, huwezi kupata namba inayoishia na tano. Kwa hivyo 100,005 haiwezi kuwa namba ya kitalu hiki. Alimaanisha laki moja na elfu tano! Na aliyekosea ni mimi.

Nilisema chini chini, "Matuta ni mangapi?"

"Nini?" akauliza Bwana Mwita.

"Mia moja ishirini na tano," akajibu Mzee Okelo.

Nikazidisha nyuma ya bahasha ya mbegu: 105,000. Kwa saba, elfu kumi na tano kamili, hakibaki kitu. Bwana Mwita akaitazama bahasha, akanitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, chukua ufunguo wako. Karani wangu ameinyima tano yako sifuri zake."

Namba kubwa siziogopi tena. Watu bado, kidogo.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya wote, nikamngoja Mzee Okelo langoni. Nilimwomba msamaha kwa Dholuo, nisije nikaeleweka vingine. Akanipa debe la maji, tukaanza na tuta la kwanza.